Dereva na Mzigo Asioupakia

Tarehe za nchi zetu hutaja sana reli, bandari na bomba la mafuta. Hutaja wahandisi waliozijenga na viongozi waliozifungua. Mtu aliyeketi nyuma ya usukani kati ya Dar es Salaam na Zambia hupewa mstari mmoja, na pengine hata huo hapewi. Sababu yake yafahamika. Kisa cha dereva wa safari ndefu hakina vita wala tangazo. Ni kisa cha springi iliyokatika porini, cha karatasi iliyokosa muhuri, cha mizani iliyoonyesha kilo mia tatu zaidi upande mmoja wa gari na kilo mia tatu pungufu upande wa pili. Mambo madogo kama hayo hayaingii vitabuni, ijapokuwa ndiyo yaliyojaza maisha ya maelfu ya watu kwa zaidi ya miaka hamsini. Nimependa kuyatazama hapa kwa sababu naona kwamba ndani yake limo swali lisilo dogo: mzigo unapokosea, nani apaswaye kujibu? Mwenye mali, aliyeupakia, au yule anayeupeleka?

Swali hili ni la kale kuliko gari. Katika karne ya 19, njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa njia ya wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo uliozoeleka ulikuwa wa frasila mbili, yaani kiasi cha ratili 70. Mpagazi hakuhitaji mizani ili kujua kwamba mzigo umezidi. Shingo na mabega yake yalimwambia. Kabla ya safari aliunyanyua, akaugeuza, akaufunga upya, na kama haukumridhisha aliuweka chini. Misafara ya wageni iliyodhani kwamba fedha zatosha kuwaendesha watu ilichelewa mara nyingi kwa ugomvi wa namna hii: mzigo mzito, au posho haba. Neno hili posho linastahili kukumbukwa. Wakati ule lilikuwa na maana ya chakula cha kila siku cha msafiri, au nguo na shanga za kukinunulia. Leo dereva wa lori hupewa fedha za njiani, na fedha hizo bado aziita posho. Neno limevuka kutoka msafara wa miguu mpaka msafara wa magurudumu, na ugomvi wake limevuka nao.

Lori lilipoingia Tanganyika halikukuta njia tupu. Lilikuta reli, na reli ilikuwa mali ya serikali. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku uchukuzi wa mizigo kwa malori ya kukodiwa katika baadhi ya barabara zilizokwenda sambamba na reli, ili gari moshi lisikose mapato. Nayataja haya kwa upesi, kwa kuwa si kiini cha habari yetu. Lakini yafaa tujue kwamba sheria za kwanza kumkuta dereva hazikutungwa kwa ajili ya usalama wake wala kwa ajili ya barabara. Zilitungwa kwa ajili ya hesabu za mtu mwingine.

Habari yenyewe yaanza tarehe 11 Novemba 1965. Siku hiyo Ian Smith na wenzake walijitangazia uhuru wa walowezi katika Rhodesia ya Kusini. Zambia, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu kupata uhuru wake, ilikuwa imefungwa katika kamba za reli ya kusini. Shaba yake ilipita huko. Makaa yake yalitoka huko. Mafuta yake yalisafishwa Feruka, karibu na Umtali, mji uitwao leo Mutare. Mwezi wa Desemba Uingereza ilipoizuilia Rhodesia mafuta, Rhodesia nayo iliifungia Zambia mfereji. Zambia ikabaki na mgodi usio na dizeli. Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zilianza kuchukua mapipa ya mafuta angani, zingine zikitoka Dar es Salaam na zingine Kongo. Lakini ndege ni chombo cha gharama kubwa na tumbo dogo. Kazi iliyobaki, nayo ilikuwa kubwa, ilitupwa juu ya barabara.

Na barabara ilikuwaje? Kutoka Dar es Salaam mpaka mpakani Tunduma ni kilomita 900 na ushei, na kutoka hapo mpaka Kapiri Mposhi ni masafa yanayokaribia kuwa sawa na hayo. Sehemu kubwa ilikuwa ya udongo na changarawe. Ilijengwa kwa ajili ya gari la bwana shauri na lori la mahindi lipitalo mara moja kwa juma, na sasa iliamriwa kubeba uhai wa taifa zima. Wakati wa kiangazi vumbi lilisimama angani kama ukuta, na dereva aliyefuata mwenziwe hakuona kitu ila taa nyekundu mbili, kama zilikuwa bado zinawaka. Wakati wa masika udongo uligeuka sabuni. Wageni waliiita Njia ya Jehanamu, wakalitangaza jina hilo katika magazeti yao. Mabati ya malori yaliyopinduka yalibaki kandokando ya njia kwa miaka, na wenye kusafiri waliyatumia kama alama za kupimia masafa.

Mzigo wa safari ya kwenda ulikuwa pipa. Pipa la galoni 44, lenye ujazo wa lita 200, ni chombo kizuri ghalani na kibaya njiani. Ni la mviringo, kwa hiyo latafuta kuzunguka. Ni la bati, kwa hiyo likigongana na mwenziwe lachubuka, kisha lavuja. Dereva wa mapipa alisafiri na harufu ya petroli puani siku nzima, naye alijua kwamba cheche moja yatosha. Katika safari ya kurudi alichukua shaba, ambayo ni mzigo wa tabia nyingine kabisa, nami nitairudia baadaye. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia ziliunda kampuni ya pamoja ya uchukuzi wa barabara, nayo ikaleta malori mengi ya Fiat kutoka Italia pamoja na matela yake. Vijana wengi walijifunza udereva wa safari ndefu katika vyombo hivyo. Kwao shule ilikuwa barabara yenyewe, na mwalimu wao alikuwa utingo mkongwe aliyejua kufunga springi kwa kamba ya ngozi na kuzuia gari kwa jiwe kabla halijarudi nyuma.

Msomaji asidhani kwamba kero ya wakati ule ilikuwa matope peke yake. Lori lililoundwa kwa barabara za Ulaya lilikuwa na desturi zake. Chekeche cha hewa kilichotazamiwa kudumu miezi kilijaa vumbi kwa siku chache. Springi zilizopimwa kwa lami zilikatika katika mashimo. Vipuri vilikuwa Dar es Salaam na gari lilikuwa limekufa Mpika. Basi dereva alikaa chini ya gari lake siku tatu, au sita, au zaidi, akingoja mwenziwe apite na salamu, kisha mwenziwe mwingine arudi na kipuri, na pengine kipuri chenyewe kiwe cha gari la aina nyingine. Wakati huo wote alikuwa mlinzi wa mali isiyo yake. Akiondoka kutafuta chakula na mzigo ukapungua, ameiba. Akikaa na njaa, amefanya kazi yake. Hapo ndipo dereva alipoanza kujibu kwa mambo aliyoyakuta tu.

Nafuu ilitazamiwa kutoka pande tatu. Bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, lenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700, lilifunguliwa mwaka 1968, na mapipa yakapungua njiani. Lami ilitandazwa kipande kwa kipande mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Reli ya Uhuru, iliyoanza kujengwa kwa msaada wa China mwaka 1970, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976 ikiwa na urefu wa kilomita 1,860. Haikuwa mapema: Januari 1973 Smith alifunga mpaka wake na Zambia, na alipotaka kuufungua Rais Kaunda alikataa, ukabaki umefungwa mpaka Oktoba 1978, na mwaka 1975 vita vya Angola viliikata reli ya Benguela upande wa magharibi. Ilidhaniwa kwamba reli mpya ikishafika lori lingerudi katika kazi ndogo ndogo. Mambo hayakwenda hivyo. Mwaka 1986 reli hiyo ilichukua zaidi ya tani milioni 1. Katika mwaka wa fedha 2014/15 haikufika hata tani laki 1. Tofauti ya hesabu hizo mbili haikupotea hewani. Ilipanda juu ya magurudumu ya mpira.

Hivyo barabara ya lami ilirithi kazi ya reli, na dereva akarithi adui mpya. Adui wa zamani alikuwa shimo. Huyu wa sasa ni mizani.

Hapa sina budi kuitetea sheria kabla ya kuilaumu, maana wengi wailaumuo hawajui ilikotoka. Kati ya Oktoba 1958 na Novemba 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, wataalamu walijenga njia za kuzunguka, kila kipande na unene wake, wakayazungusha juu yake malori yenye uzito mbalimbali mchana na usiku kwa miaka miwili. Madereva walikuwa askari wa jeshi la Marekani. Hebu fikiri kazi ile: kuendesha lori lililojaa, saa baada ya saa, pasipo kwenda mahali popote, kwa kusudi la kuivunja barabara ili wengine wapime jinsi inavyovunjika. Ekseli zilipita zaidi ya mara milioni 1 juu ya vipande vile. Matokeo yake ndiyo msingi wa sheria nyingi za uzito duniani mpaka leo: uharibifu wa barabara haupandi sawasawa na uzito wa ekseli, bali hupanda takriban kwa nguvu ya nne yake. Ekseli ya tani 11 imezidi ile ya tani 10 kwa sehemu moja tu katika kumi, lakini yaiumiza barabara karibu mara moja na nusu. Ekseli ya tani 12 yaiumiza zaidi ya mara mbili. Na kwa hesabu hiyo hiyo, ekseli moja ya tani 10 yafanya madhara ya ekseli 160,000 za motokaa ndogo yenye nusu tani kwa kila ekseli. Kwa hiyo mwenye kuzidisha mzigo hujipatia faida ya tani mbili, na kuutupia umma gharama ya barabara nzima. Serikali maskini iliyokopa ili kujenga lami ina haki ya kuilinda. Hilo silibishi.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 juu ya udhibiti wa uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima lenye ekseli za kutosha, na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Yatazame maneno hayo kwa makini, kwani humo ndimo mwenye matata. Vikomo ni viwili. Gari laweza kuwa halali kwa jumla na haramu kwa sehemu. Uzito wote waweza kuwa chini ya tani 56, na bado ekseli moja ikawa na tani 10 na nusu, kwa sababu mzigo umepakiwa mbele mno au nyuma mno.

Sasa turudi kwenye shaba. Mita moja ya ujazo ya shaba ina uzito unaokaribia tani 9. Tani 27 za shaba, kama zingekuwa pande moja, zingeenea katika mita za ujazo 3 tu, ilhali tela lina nafasi ya kuchukua mara ishirini ya hizo. Maana yake ni kwamba tela lenye mzigo kamili wa shaba laonekana karibu tupu. Vipande vya shaba hupangwa sakafuni kwa mafungu, na fungu moja likisogezwa hatua mbili mbele, ekseli za kichwa cha gari zaelemewa. Likisogezwa nyuma, za tela zaelemewa. Mpakiaji stadi hulijua jambo hili. Mpakiaji mwenye haraka, anayelipwa kwa idadi ya magari, hupanga panapofikika kwa mashine yake. Na mafuta ya gari lenyewe yamo katika hesabu: lita 800 za dizeli zina uzito wa zaidi ya nusu tani, na matangi yake yamefungwa karibu na ekseli za kichwa. Dereva aliyejaza mafuta asubuhi na dereva aliyefika na tangi nusu hawapimwi sawa, ijapokuwa mzigo wao ni ule ule.

Kuna tena maturubai yaliyonyeshewa, mbao zilizokunywa mvua, magunia yaliyoteleza katika mteremko. Kuna shehena ya maji maji ndani ya tangi, ambayo haikai mahali pamoja hata dakika moja. Kuna breki: dereva akizikanyaga kwa nguvu juu ya sahani ya mizani, gari laweza kulala kidogo mbele na kubaki limelala, na namba ikabadilika. Ndiyo sababu madereva wakongwe hupanda mizani taratibu kama mtu aingiaye chumba cha mgonjwa. Wengine hucheka wakiwaona; mimi naona huo ni ujuzi, tena ujuzi usioandikwa katika leseni yoyote.

Juu ya hayo yote limekuja kontena. Mpagazi aliunyanyua mzigo wake kabla ya kuukubali. Dereva wa mapipa aliyaona mapipa, akayahesabu, akagonga moja moja kusikia kama limejaa. Dereva wa kontena hupewa sanduku la chuma lililofungwa kwa lakiri, na karatasi inayosema kilichomo. Haruhusiwi kulifungua, kwa kuwa ndani yake mna mali iliyo chini ya forodha. Na siku hizi lakiri yenyewe yaweza kuwa ya kielektroniki, inayotangaza mahali lilipo gari na kulalamika ikiguswa. Basi akifika mizani akaambiwa kwamba ekseli yake ya tatu imezidi, apange mzigo upya, ameamriwa jambo ambalo sheria nyingine imemkataza. Sheria ya barabara yamwambia fungua. Sheria ya forodha yamwambia ukifungua umevunja. Zote mbili zina sababu njema. Zimekutana juu ya mtu mmoja tu, naye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote waliohusika.

Oktoba 2013 shauri hili lilifika juu kabisa. Kanuni za Tanzania zilikuwa zimeruhusu gari lililozidi kwa asilimia 5 lipite bila tozo, kwa kukubali kwamba vipimo na mizigo havitulii. Waziri wa Ujenzi wa wakati ule, John Magufuli, aliiondoa ruhusa hiyo. Alisema kwamba ruhusa ya kuzidi imegeuzwa kuwa kikomo kipya. Na kwa hakika hakukosea katika hilo: wapo waliopakia asilimia 5 ya ziada kwa makusudi kila safari. Wenye malori waligoma, magari yakasimama, bandari ikaanza kusongwa, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaisimamisha amri ile. Magazeti yalieleza hoja za serikali na hoja za matajiri wa malori kwa urefu. Za madereva nilizitafuta, nazo zilikuwa chache.

Sauti ya madereva wenyewe ilisikika mwaka 1 na nusu baadaye, Aprili 2015, walipogoma wao pamoja na wenzao wa mabasi, na tena Mei. Hawakugoma kwa ajili ya mizani. Waligomea sharti la kurudi darasani kwa gharama zao kila leseni inapohuishwa, tena walidai mikataba ya ajira. Dai hili la pili ndilo lifunuliwe. Dereva asiye na mkataba hulipwa kwa safari. Siku anazokaa mizani, mpakani au chini ya gari bovu si safari. Hazimo katika hesabu ya mtu yeyote isipokuwa ya tumbo lake. Kwa hiyo kila kanuni inayochelewesha gari, hata iwe njema namna gani, yatozwa kwanza katika mfuko wa yule asiyeitunga wala kuivunja.

Nisiwafanye madereva kuwa malaika. Wapo wanaouza mafuta ya tajiri porini na kusema gari linakunywa sana. Wapo wanaoteremka Kitonga bila gia ili kuokoa dizeli, na mlima ule, unaoinuka kutoka bonde la Ruaha kuelekea Iringa, umewazika wengi wa namna hiyo. Kanuni ya mlima yajulikana kwa kila utingo: gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia. Breki za upepo zikikanyagwa mfululizo hupata moto, na zikishapata moto hazishiki, hata dereva asimame juu ya kanyagio kwa miguu miwili. Lakini hata hapa pana upande wa pili. Anayepewa mafuta kwa kipimo cha gari jipya, akaambiwa aendeshe gari lililochoka, kisha akakatwa mshahara kwa upungufu, amefundishwa na nani kuteremka bila gia?

Na njia yenyewe haimpi nafasi ya kupumua. Hifadhi ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964, yakatwa na barabara hii kwa kiasi cha kilomita 50. Yamejengwa matuta, na anayegonga mnyama hutozwa faini kwa kadiri ya aina ya mnyama. Vijiji vimesogea barabarani, kila kimoja na kibao chake cha mwendo wa 50, mpaka dereva aweza kutoka katika kibao kimoja na kuingia katika kingine kabla hajabadili gia. Madereva wakutanapo huwashiana taa ili kuonyana kwamba mbele kuna askari. Mlinzi wa sheria huliona jambo hilo kuwa hila. Mimi nalihesabu katika lugha za nchi hii, maana lina sarufi yake: mara moja ni salamu, mara mbili ni onyo.

Mpakani Tunduma kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Miezi mitano baadaye ulikuja ugonjwa wa korona. Mei 2020 Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, na katika mipaka yote ya Afrika Mashariki madereva walisimama katika foleni za kilomita nyingi wakingoja kupimwa. Walichukua unga, dawa na mafuta ambavyo kila nchi ilivitaka, na katika miji waliyopita walitazamwa kama ndio ugonjwa wenyewe. Kila walipokataliwa chumba cha kulala, walilala penye usukani.

Miaka michache iliyopita nilipata kukaa nusu ya siku penye mizani moja ya njia hiyo, ambayo sina haja ya kuitaja. Lori moja lenye kontena lilikuwa limewekwa kando. Jumla yake ilikuwa halali. Ekseli yake moja ilikuwa imezidi kilo mia nne na kitu. Dereva, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa ameketi juu ya tairi la akiba, na utingo wake akisonga ugali katika sufuria juu ya mafiga matatu ya mawe. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanikaribisha kigoda cha ndoo iliyopinduliwa. Nilimwuliza amekaa hapo tangu lini.

“Leo ya tatu, mwanangu,” alisema. “Tajiri anasema niongee na wakala. Wakala anasema ningoje mtu wa forodha aje kusimamia lakiri. Mtu wa forodha anasema hajaandikiwa barua.”

Nilimwuliza kilichomo ndani ya kontena.

Alilitazama lile sanduku kwa muda kidogo, kama mtu aliyeulizwa habari za jirani asiyesemezana naye. “Karatasi inasema vipuri,” alijibu.

Kisha aliniambia kwamba posho aliyopewa ilikuwa ya siku tano, ya kwenda na kufika, na kwamba ya siku hiyo ndiyo iliyokuwa ikichemka sufuriani. Utingo alipakua. Tulinawa, tukala, na gari jingine likapanda mizani taratibu.